Mlalamikaji Aliyekwenda Msibani

Lori lilikuwa limeshaanza kusogea. Waliokuwa juu walivuta mikono ya waliokuwa chini, waliokuwa chini walisukumwa na waliochelewa, na dereva, ambaye naye alikuwa na huzuni yake, hakuangalia nyuma. Lilikuwa lori la taka la manispaa. Asubuhi hiyo lilimwagiwa maji na kutandikwa majani ya migomba kwa heshima ya marehemu, kwa kuwa katika nchi ile hakuna chombo cha serikali kilicho kichafu mno kwa shughuli ya kiserikali.

Sikitu alisimama katikati ya ua wa Baraza, mguu mmoja umeelekea lori, wa pili umeelekea mlango wa ukumbi.

"Panda, Mama Tuli!" alipiga kelele Mzee Chelele kutoka juu, ameshikilia kofia. "Mwenyekiti amefiwa na mama mzazi, wewe umesimama kama mlingoti!"

"Na shauri langu? Limepangwa leo!"

"Atakusikiliza nani? Mwenyewe ndiye huyo ametangulia kuzika. Utakilalamikia kiti?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha chini kinachoruhusiwa mtu akiwa njiani kwenda msibani. Sikitu hakucheka. Alikimbilia dirisha la karani.

"Kaka Ponsiano, leo Baraza linakaa?"

"Mwenyekiti amefiwa, mama."

"Hilo nimelisikia. Nauliza, linakaa?"

"Umeuliza swali la kisheria," alisema Ponsiano, kijana mwembamba aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda mpira. "Mimi nimekujibu la kibinadamu."

"Kwa hiyo halikai."

"Sijasema halikai."

"Basi linakaa."

"Mama! Mtu kafiwa na mama yake aliyemzaa, wewe hapo unauliza habari za kukaa?"

Aibu ilimpanda Sikitu mpaka masikioni. Katika nchi ile mtu anaweza kuiba dawa za wagonjwa akasamehewa, anaweza kuuza daraja akapewa lingine alisimamie, lakini mtu asiyekwenda msibani hasalimiwi. Alifunga kanga kiunoni na kugeuka. Alipogeuka aliona ndani ya ukumbi, kwenye benchi la mbele, Bwana Sigala, Afisa Utumishi wa Hospitali Kuu, miguu ameikunja nne, anasoma gazeti. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Viatu vya namna ile haviendi makaburini wakati wa masika.

Ana majivuno tu, Sikitu alijiambia, akalikimbilia lori. Mzee Chelele alimvuta juu kwa mkono mmoja.

*

Serikali ya nchi ile iliwapenda sana wafanyakazi wake, hasa wale iliokuwa imeshawaachisha kazi. Iliwajengea Baraza la Walioonewa, jengo zuri la ghorofa, na juu ya mlango ikaandika kwa rangi ya dhahabu: LALAMIKA, UNASIKIKA. Mtu yeyote aliyefukuzwa kazi bila haki aliweza kwenda pale akaketi kwenye benchi. Mabenchi yalikuwa mengi na ya mbao ngumu, yamenunuliwa yadumu.

Waliotunga sheria ya Baraza walikuwa watu wenye mioyo mizuri. Walikuwa na hofu moja tu, kwamba mtu atalalamika, halafu aende nyumbani asahau kwamba analalamika, na Baraza libaki limekaa na uchungu wa mtu mwingine. Kwa hiyo waliweka Kifungu cha Ushiriki. Siku ya shauri jina la mlalamikaji linaitwa mlangoni mara tatu. Asipoitika, inachukuliwa kwamba ameridhika. Shauri linaanguka, na kila mtu anarudi kazini kwake, isipokuwa yeye.

Kwa mwajiri ilikuwa tofauti, kwani mwajiri ana majukumu. Bwana Sigala alikuwa na majukumu kila shauri la Sikitu lilipoitwa. Mara alikuwa kwenye semina, mara kwenye semina ya kutathmini ile semina, na safari moja aliandika kwamba amefika lakini kimawazo yuko kwenye bajeti. Mara zote Baraza lilimwelewa na kupanga tarehe nyingine. Mara zote Sikitu aliitika "Nipo!" kwa sauti ya mtu anayeitwa na mama mkwe, akarudi kesho yake kuuliza tarehe.

Kosa lake lilijulikana mji mzima. Alikuwa mfuaji wa shuka katika Hospitali Kuu tangu ujana wake. Siku moja Waziri alikuja kukagua. Shuka nyeupe ziliazimwa hotelini, zikatandikwa vitanda vyote, na wagonjwa wakaamriwa wasitoe jasho mpaka mgeni aondoke. Mambo yalikwenda vizuri. Ila msafara ulipokuwa unatoka ulikuta shimo barabarani, ukapita nyuma ya jengo la kufulia, na huko Sikitu alikuwa ameanika shuka za siku zote, zile zenye ramani za damu na dawa ambazo sabuni ya hospitali haijawahi kuziweza. Waziri alishusha kioo, akatazama kwa makini, akauliza, "Zile ni bendera za nchi gani?"

Jioni Sikitu alipewa barua. Kosa: kuuonyesha msafara wa kitaifa vitu visivyokuwamo kwenye ratiba.

Angeweza kuondoka. Mkono unaojua kufua haukosi kibarua. Lakini kazi ile ilikuja na chumba katika nyumba za watumishi, na ndani ya chumba alikuwamo mumewe, Kalolo. Kalolo alikuwa fundi wa jenereta la hospitali. Macho yake yalizimika polepole, kama taa inayoishiwa mafuta, na ilichukua muda mrefu mpaka akakubali. Alijifunza chumba kile kwa viganja: kitanda, stuli, msumari wa koti, mlango, ukuta wa nje mpaka bombani, kutoka bombani mpaka kibaraza cha nje ambako wagonjwa wanaopona walikuja kupiga naye soga. Alichota maji mwenyewe, alichemsha chai mwenyewe, aliwatania manesi kwa kuwatambua kwa mwendo.

"Mahali pengine nitakuwa kipofu," aliwahi kumwambia mkewe. "Hapa mimi ni mtu ambaye haoni, basi."

Sheria ilisema mtumishi aliyefukuzwa asitolewe kwenye nyumba wakati shauri lake lingali hai. Likifa, atoke. Ndiyo sababu Sikitu aliitika "Nipo" kwa nguvu namna ile. Hakuwa anataka sana kurudi kwenye zile shuka. Alikuwa anakishikilia chumba.

*

Msiba ulikuwa wa heshima. Kulikuwa na turubai la serikali, viti vya serikali, na Katibu wa Wizara aliyesoma hotuba ndefu kwa niaba ya Waziri.

"Marehemu," alisema Katibu, "hakuwahi kuajiriwa, hivyo hakuwahi kufukuzwa, na kwa maana hiyo aliupunguzia mzigo mfumo wetu wa mahusiano kazini. Lakini mchango wake mkubwa ni kumzaa Mwenyekiti. Wizara inaahidi kuuenzi mchango huo, na inawahimiza kina mama wengine wauige."

Watu walipiga makofi, kisha wakakumbuka walipo, wakalia.

Sikitu hakuisikia hotuba. Alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni kwa wanawake, kama inavyotakiwa, akakuta kazi zimegawanywa, ila nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la shuka na nguo ambalo kila mtu alilipita akiangalia kwingine. Mama yule alikuwa ameumwa muda mrefu. Binti mmoja wa nyumba ile alikuwa amesimama karibu na lile rundo, mikono imelegea, hajui aanzie wapi.

"Niletee beseni, mwanangu," Sikitu alisema. "Na majivu. Sabuni hii peke yake haitoshi."

Alizibeba mpaka mtoni akazifua zote. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anajua namna ya kushika shuka ya mtu aliyekufa juu yake, unaanza na maji baridi, na huongei. Alipokuwa anakamua ya mwisho alisikia mtu anakohoa nyuma yake. Alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, Mheshimiwa Mfikwa, bila koti, suruali imekunjwa, macho mekundu.

"Mama, ahsante sana," alisema. "Dada zangu wenyewe wameogopa. Wewe ni wa upande gani wa ukoo?"

"Mimi si wa ukoo, mheshimiwa. Mimi ni lile shauri la shuka. Nilikuwa nije kwako leo."

Mwenyekiti alitikisa kichwa, machozi yakamtoka upya. "Leo hakuna mashauri, mama yangu. Leo sote ni wafiwa."

Sikitu alirudi na lori la jioni moyo wake umetulia. Alikuwa ameambiwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa mdomo wake. Ungekuwa wewe ungetaka nini zaidi?

*

Lakini kulikuwa na Waraka wa Koti.

Zamani nchi ile ilisumbuliwa na malalamiko kwamba maofisa hawakai ofisini. Serikali ilichunguza, ikagundua kwamba maofisa wanaondoka lakini makoti yao hayaondoki, yanabaki yametundikwa kwenye viti vyao kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa uaminifu mkubwa. Ikaona hapa pana msingi. Waraka ukatoka: ofisa ambaye koti lake lipo kitini, yupo.

Siku ile Mheshimiwa Mfikwa alipopata habari za mama yake alikurupuka kama mtoto yeyote, akakimbia na shati. Koti likabaki.

Sikitu aliyakuta hayo kesho yake, ubaoni. Mashauri yote yaliyokuwa yamepangwa siku ya msiba yalikuwa yameanguka. Mzee Chelele alikuwa ameshafika, anasoma kwa kidole. Yeye alikuwa dereva wa gari la zimamoto, alifukuzwa kwa kufika kwenye moto kabla ya mgeni rasmi.

"Nimeridhika," alisema Mzee Chelele. "Angalia, imeandikwa hapa. Chelele ameridhika. Nyumbani nimeacha wajukuu hawajanywa chai, kumbe babu yao ameridhika tangu jana."

"Kaka Ponsiano!" Sikitu aligonga dirisha. "Baraza lilikaaje bila Mwenyekiti?"

"Alikuwepo," alisema Ponsiano, na uso wake uling'aa, kwani hili lilikuwa la kisheria. "Kwa mujibu wa Waraka. Nilifungua kikao, nikainama mbele ya koti, Bwana Sigala naye akainama. Nikatoka mlangoni nikawaita mmoja mmoja, mara tatu tatu. Nilikuita vizuri sana, mama, hata mlinzi ni shahidi. Hakuitika mtu. Nikamuuliza Mwenyekiti kama ana pingamizi mashauri yakianguka. Hakupinga."

"Koti halikupinga."

"Mwenyekiti hakupinga."

"Kaka, si ulituona tunapanda lori? Si ulitupungia mkono?"

"Nilipunga kama binadamu," alisema Ponsiano kwa upole.

Wiki ile Baraza lilitangazwa redioni kuwa la kwanza nchini kwa kumaliza mashauri, na mabenchi yake yalipigwa picha yakiwa matupu. Wenyeviti wa mabaraza ya mikoa mingine walipigiwa simu kutoka Wizarani, wakaulizwa kwa heshima kama wazazi wao ni wazima.

Sikitu alipewa taarifa kwamba chumba kinatakiwa.

*

Sheria, ambayo haikosi mlango wa nyuma, iliruhusu mtu ambaye shauri lake limeanguka aombe liinuliwe, mradi aeleze alikuwa wapi. Sikitu aliomba. Matanga yalipoisha, Mwenyekiti alirudi, akavaa lile koti, akaketi.

"Mlalamikaji yupo?" aliuliza.

"Hayupo, mheshimiwa," alisema Ponsiano. "Shauri lake lilianguka, kwa hiyo hakuna mlalamikaji."

"Nipo hapa," alisema Sikitu.

Mwenyekiti alimtazama. Alimkumbuka, ilionekana wazi, na akainamisha macho mezani. "Iandikwe kwamba sauti ilisikika ukumbini," alisema. "Sauti ieleze ilikuwa wapi siku hiyo."

"Nilikuwa kwenye msiba wa mama yako, mheshimiwa. Watu wote waliniona. Wewe mwenyewe uliniona, ukanishukuru."

Mwenyekiti alitoa leso. Ilionekana kama mambo yanakwenda kunyooka, na pengine yangenyooka, lakini Bwana Sigala alisimama. Safari hii hakuwa na majukumu.

"Mheshimiwa, kwanza pole tena kwa msiba. Pili, sina haja ya kubisha. Kama mama huyu anasema alikuwa msibani, tumwamini. Naomba tu aseme alifanya nini huko."

"Nilifua," alisema Sikitu.

"Alifua nguo za nani?"

"Za marehemu."

"Marehemu mama wa nani?"

Sikitu alianza kuliona shimo.

"Mama wa mwamuzi," Bwana Sigala alijijibu. "Mtu mwenye shauri mbele ya mwamuzi, shauri lingali hai, anaifanyia familia ya mwamuzi kazi bila malipo. Mimi si mwanasheria, mheshimiwa. Lakini kijijini kwetu hiyo ina jina."

Ponsiano alikuwa ameshafungua kitabu. "Hongo," alisoma, kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. "Mwamuzi alikuwa kitini kwa mujibu wa Waraka, kwa hiyo mpokeaji kule msibani hana kosa. Mtoaji hakuacha koti, kwa hiyo alitoa. Kifungo."

"Kwa hiyo achague," alisema Bwana Sigala kwa sauti ya mtu mwenye huruma. "Kama hakuwa msibani, alikuwa amejikalia tu, na shauri lilianguka kihalali. Kama alikuwa msibani, alihonga. Au aseme alikwenda kuangalia tu, hakufua chochote, nalo tutalitafakari. Kuna wanawake wangapi walimwona na beseni?"

Mwenyekiti alijifuta uso. Alikuwa mtu mwema, na aliteseka sana kitini pale. "Marehemu mama yangu," alisema, "alipenda utaratibu. Tunapumzika kwa chai. Sauti ikirudi, iseme moja."

*

Nyumba za watumishi zilikuwa nyuma ya Baraza, kuvuka uwanja. Sikitu alimkuta Kalolo anatoka bombani na ndoo, mkono wa kushoto unapita ukutani kwa wepesi, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Huo mwendo si wa ushindi," alisema Kalolo. "Kaa. Chai ipo."

Sikitu akamweleza yote. Kalolo alisikiliza, akaweka ndoo chini bila kumwaga.

"Sema hukwenda," alisema. "Tutahama. Tutakwenda kwa Tuli, ana chumba cha uani."

"Kwa Tuli hakuna ukuta mpaka bombani. Kuna barabara."

"Basi nitakaa ndani."

"Utakaa ndani mpaka lini?"

Kalolo akacheka kidogo. "Mpaka Mwenyekiti mwingine afiwe." Kisha kicheko kikamwisha. "Mama Tuli, usikubali ile ya hongo. Watu watasema nini? Uliwaendea wafiwa kwa ubinadamu wako. Hilo ni lako. Ukilisema vile, umelifuta kwa mdomo wako mwenyewe, na hakuna tena msiba utakaokukaribisha. Tukifa tutazikana wenyewe kwa wenyewe."

Sikitu alikuwa anautazama mkono wa mumewe, ambao bila yeye kujua ulikuwa umerudi ukutani na kutulia pale. Akanywa chai kwa haraka, ikamuunguza, akaenda kwenye dirisha la Ponsiano.

"Kaka, nina swali."

"La kisheria au la kibinadamu?"

"La kisheria."

Ponsiano aliegemeza viwiko, tayari.

"Mtu akishtakiwa kwa hongo, wakati kesi inaendelea analala wapi?"

"Kwenye makazi yake yanayojulikana. Ni marufuku kumhamisha, ili serikali ikimtaka impate. Hata mwenye nyumba akitaka, haruhusiwi."

"Na kesi za namna hiyo huchukua muda gani?"

"Ah, mama. Shahidi mkuu ni Mwenyekiti. Mwenyekiti hawezi kuitwa bila kibali cha Wizara. Wizara haiwezi kutoa kibali bila kumuuliza Mwenyekiti." Aliangalia juu kama anayehesabu nyota. "Muda."

"Na mshtakiwa akiacha kushiriki? Kesi inaanguka?"

Ponsiano alicheka kwa mara ya kwanza. "Kesi ya serikali haianguki, mama. Serikali haichoki. Inayoanguka ni ya kwako wewe."

*

Walipoketi tena, Mwenyekiti aliuliza kama sauti ipo.

"Ipo," alisema Sikitu. "Nilikuwa msibani, mheshimiwa. Nilifua shuka zote, na foronya, na kanga mbili za marehemu. Nilikuhonga."

Benchi la nyuma, walikoketi wanawake wawili waliokuwa jikoni siku ile, lilitoa sauti kama limekanyagwa.

"Mama," alisema Mwenyekiti polepole, "fikiri. Ulifua kwa sababu dada zangu waliogopa. Nilikuona. Hukuwa na..."

"Nilikuwa nayo nia. Nilikwenda kwa ajili hiyo. Nilijua utanihurumia."

Bwana Sigala, ambaye alikuwa anakunja gazeti lake taratibu, aliacha kukunja. Alikuwa mtu wa vifungu na vifungu alivijua. Alisimama haraka mpaka benchi likagonga.

"Mheshimiwa, mimi naomba nimtetee huyu mama! Ni mtu mwema! Hospitali nzima inajua. Alikwenda kwa ubinadamu tu, hakuwa na nia yoyote, naomba isiandikwe!"

"Bwana Sigala anasema uongo," alisema Sikitu. "Hanijui. Nilihonga."

"Hakuhonga!"

"Nilihonga. Hata majivu ya kufulia nilikuwa nimeyawazia tangu nyumbani, nisafishe vizuri, anione."

"Mama yangu, shuka ni shuka tu, hongo gani ya shuka!" Bwana Sigala alikuwa anatoka jasho. "Mimi mwenyewe nimefukuza watu wengi, huyu simwoni ana tabia hiyo!"

Ponsiano aliandika, kalamu inakwaruza. Mwenyekiti alikuwa anamtazama mwanamke aliyezishika shuka za mama yake wakati hakuna mwingine aliyezishika, na sasa mwanamke huyo anasimama mbele za watu na kulichafua tendo lile, neno kwa neno, kwa uangalifu ule ule. Pengine alielewa kwa nini. Pengine hakuelewa. Alisema, "Iandikwe," akatoka nje kabla ya kikao kufungwa, na koti alilivua akaliacha.

Wale wanawake wa benchi la nyuma walipita karibu na Sikitu wakitoka. Mmoja wao alikuwa ameleta kanga, zawadi kutoka kwa binti wa nyumba ile ya msiba. Alimtazama Sikitu, akaikunja ile kanga, akairudisha mkobani.

"Sisi tulidhani ni mtu," alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini.

Nyumbani Kalolo alisubiri barazani. Alimsikia anavyokuja.

"Tunabaki?" alisema.

"Tunabaki."

Akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Kisha akasema, "Chai imepoa, nitaichemsha," akainuka, akaenda mwenyewe.

*

Mheshimiwa Mfikwa alipandishwa cheo kwa kumaliza mashauri, akapelekwa Wizarani, akakaa huko mpaka alipostaafu. Alipewa saa ya ukutani.

Bwana Sigala aliandika barua nyingi kuomba kesi ya hongo ifutwe, mpaka Wizara ikamhoji ana maslahi gani na mshtakiwa. Alihamishiwa bohari ya vitabu vya kiada.

Ponsiano alifaulu mtihani wa sheria. Anafundisha.

Mzee Chelele hakuomba shauri lake liinuliwe. Anaendesha lori la taka la manispaa, na siku za misiba analiosha.

Hakuna aliyemwita Sikitu kwenye msiba tena, wala harusi. Alifua nguo za watu wa mbali wasiomjua. Kesi yake iliahirishwa kila ilipotajwa. Kalolo aliishi katika chumba kile miaka mingine, akafa asubuhi moja baada ya kuchota maji. Waliokuja kumzika walikuwa Tuli, Mzee Chelele, na wagonjwa wawili waliokuwa na nguvu za kutembea. Shuka zake alizifua mkewe.

Kisha Sikitu alikunja mkeka, akafunga mlango, akaondoka, na hakuna anayejua alielekea wapi. Tarehe ya kesi ilipofika aliitwa, hakuitika, na hati ya kumkamata ilitolewa na kupelekwa kwenye makazi yake yanayojulikana. Chumba kilikuwa kimeshapewa mtumishi mwingine. Aliipokea, akaweka sahihi, akaendelea kupaka ukuta chokaa.